Kabla ya kukata utepe mwingine, nani ana ufunguo wa paa?

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu majengo ya vyuo vikuu vyetu. Tutatumia zaidi mfano wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndiyo kampasi ambayo hata Mtanzania asiyewahi kukanyaga pale anaijua kwa sura. Ukumbi wa Nkrumah ulikuwa mgongoni mwa noti ya shilingi 500 ya toleo la 2010, noti ambayo Benki Kuu iliiondoa katika mzunguko mwaka 2025. Noti ikichakaa huchapwa nyingine. Ukumbi hauchapwi.

Miaka hii vyuo vya umma vinajenga kwa kasi ambayo haijaonekana kwa muda mrefu. Mradi wa HEET, wa kuimarisha elimu ya juu, unaotokana na mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia uliopitishwa mwaka 2021, umefungua maeneo ya ujenzi katika mikoa mingi, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kinapata kampasi mpya Lindi na Kagera. Tunaufurahia mradi huu kwa dhati. Wanafunzi wameongezeka, maabara nyingi zimechoka, na mabweni hayatoshi. Ila katika mijadala yote tunayoisoma magazetini, swali ni jengo litakamilika lini na litachukua wanafunzi wangapi. Hatujaona anayeuliza nani atalifagia paa lake.

Swali hilo si dogo. Majengo ya zege hapa Pwani hayaharibiwi na umri, yanaharibiwa na maji: yanayotuama juu ya paa, yanayovuja ndani ya ukuta, na yanayopenya hadi kwenye nondo. Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na sehemu kubwa inashuka katika masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo paa la zege la mita za mraba 600, kama tundu zake za kutolea maji zimeziba na maji yakasimama kina cha sentimita 5, limebeba lita 30,000, yaani tani 30 ambazo mhandisi hakuziweka kwenye hesabu zake.

Tundu huzibwa na nini? Panda ujionee. Mlimani kuna miti mingi, na hiyo ni neema ya kampasi ile, lakini majani yake yanaishia juu ya paa. Yakinyeshewa mara mbili tatu yanaoza na kuwa tope jeusi. Kunguru anadondosha kokwa la embe au kipande cha nailoni. Fundi aliyekuja kufunga dishi au kiyoyozi anaacha vipande vya waya na chupa ya maji. Vyote hivyo vinasukumwa na mvua ya kwanza hadi kwenye tundu la milimita 100 na kuliziba kama kizibo cha chupa. Maji yakikaa juu ya paa zaidi ya siku mbili baada ya mvua, zulia la lami linalozuia maji kupenya paa linaanza kuvimba malengelenge, maungio yake yanaachia, na mwezi unaofuata dari la darasa la chini lina duara la rangi ya chai. Hapo ndipo ofisi inamwita fundi rangi. Anapaka, duara linapotea, na mvua nyingine inalirudisha likiwa kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyepanda juu.

Kazi yenyewe haihitaji mkandarasi. Watu wawili, fagio gumu, koleo, ndoo, gunia la kubebea uchafu na mpira wa maji. Wanafagia kutoka pembeni kwenda kwenye tundu, wanazoa (wasisukumie ndani ya bomba, maana litaziba chini ambako halifikiki), wanamwaga ndoo mbili za maji kila tundu na kuangalia kama chini yanatoka kwa kasi ileile. Wanabandika upya kichujio cha waya kama kimeng'oka. Wanakagua pale zulia la lami linapopanda kwenye ukuta wa ukingo, maana uvujaji mwingi huanzia kwenye kona hiyo na si katikati ya paa. Mara nne kwa mwaka inatosha: Februari, katikati ya masika, Septemba na Desemba. Chini ya miti mikubwa iwe kila mwezi. Kinachokwamisha kazi hii mara nyingi si fedha. Ni kwamba mlango wa kupandia umefungwa na hakuna anayejua nani alikabidhiwa ufunguo.

Tuje kwenye zege lenyewe, na hapa tunaomba wasomaji wavumilie kidogo, kwa sababu ndiko fedha nyingi zinakopotea.

Nondo ndani ya zege hulindwa na tabaka la zege linaloizunguka, ambalo mafundi wanaliita kava. Ili kava ipatikane, nondo hunyanyuliwa juu ya vibiskuti vya zege kabla ya kumwaga. Kwa slabu ya ndani milimita 20 hadi 25 ni za kawaida. Kwa sehemu inayonyeshewa, karibu na bahari, inatakiwa zaidi, milimita 40 na kuendelea. Vibiskuti vikiwa vichache, au mafundi wakikanyaga nondo wakati wa kumwaga zege, kava inabaki milimita 10. Jengo litapendeza kwa miaka kumi au kumi na mitano. Kisha hewa na unyevu vinaifikia nondo, inapata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilicholiwa. Zege linasukumwa kutoka ndani hadi linapasuka.

Dalili ya kwanza ni mstari wa kahawia chini ya kibaraza au pembeni mwa nguzo, ukifuata nondo ilivyolala. Gonga kwa nyundo ndogo: zege zima linalia kama jiwe, zege lililoachia linalia kama debe tupu. Chora kwa chaki eneo lote linalolia debe, kwa sababu ndilo ukubwa halisi wa ugonjwa, na kwa kawaida ni mara mbili au tatu ya kile jicho linachokiona.

Matengenezo yanayofanyika mara nyingi ni kuziba kwa plasta ya saruji na kupaka rangi. Hiyo ni kupiga pasi nguo yenye tundu. Kutu inaendelea chini yake na plasta inadondoka, pengine juu ya kichwa cha mtu anayepita. Kazi sahihi ni hii: simika nguzo za muda za kubeba slabu kama eneo ni kubwa, chonga zege lote lililoachia, endelea kuchonga hadi upate nafasi ya kama milimita 20 nyuma ya nondo, na usiishie kwenye kutu bali fuata nondo mpaka ufikie chuma safi. Sugua kwa brashi ya waya au mchanga wa presha mpaka nondo ing'ae. Kama imeliwa sana, mhandisi aamue kuunga nyingine. Paka dawa ya kuzuia kutu, lowesha zege la zamani, kisha jaza mota ya kukarabatia zege kwa matabaka kama maelekezo yake yanavyosema. Funika kwa magunia mabichi na uyaloweshe kwa siku 7. Mafundi wengi hufanya vizuri mpaka kwenye magunia, halafu wanaondoka jioni ya siku ya kwanza. Jua la saa nane linaikausha mota kabla haijakomaa, inasinyaa, inaachia pembeni, na maji yanaingia kupitia mzunguko wa kiraka kilekile kilicholipiwa.

Kuhusu nyufa, nchi nzima ilizizungumzia Desemba 2017, pale picha za mabweni mapya ya Mlimani zilipoenea mitandaoni na wajenzi wakaeleza kwamba kinachoonekana ni ekspansheni jointi. Hatufungui kesi ile. Tunachosikitikia ni kwamba neno hilo limebaki kama utani, wakati ni kitu cha kweli na kila msimamizi wa bweni anapaswa kukitambua. Zege likipata joto hutanuka: jengo la mita 30, kwa tofauti ya nyuzijoto 20, hurefuka kwa takriban milimita 6. Lisipoachiwa nafasi, litajitafutia. Ndiyo maana jengo refu hukatwa vipande viwili au zaidi, na kati yake huachwa pengo la milimita 20 hadi 25.

Pengo la aina hiyo limenyooka kama limepigwa kamba, upana wake ni uleule juu hadi chini, linapita ghorofa zote mahali pamoja, na kila upande una ukuta na nguzo zake. Ufa una tabia nyingine. Unapinda, ni mwembamba upande mmoja na mpana mwingine, unaanzia kwenye kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari, au unashuka ngazi kwa ngazi kwenye maungio ya matofali. Ukiona mshazari wa namna hiyo ukipanuka kuelekea juu, shuku msingi umezama upande mmoja, na mara nyingi sababu ni bomba lililopasuka au gata inayomwaga maji mguuni mwa ukuta.

Pengo nalo lina makosa yake. Fundi asiyejua akilikuta anaona ni dosari, analijaza mota na kulipiga plasta ipendeze. Jengo likitanuka linavunja plasta, na sasa panaonekana ufa kweli. Wengine huacha vipande vya mbao na mawe ndani wakati wa kujenga, yakawa kabari. Linatakiwa lijazwe kitu laini kinachobonyea, lizibwe juu kwa gundi ya mpira, lifunikwe kwa bamba la alumini lililofungwa skrubu upande mmoja tu ili upande wa pili uteleze. Gundi ile hufa kwa jua na inabidi ibadilishwe kila baada ya miaka kadhaa. Nani anajua tarehe yake?

Na ufa halisi upimwe, usijadiliwe. Weka alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe ukutani. Pigilia misumari miwili midogo, mmoja kila upande, pima umbali kati yake kwa venia (kipimo cha sehemu ndogo za milimita) kila mwezi, mwaka mzima, ili masika na kiangazi vyote vipite. Ufa usiosogea unazibwa. Unaosogea unaitiwa mhandisi kabla ya mpaka rangi. Daftari la vipimo hivyo lingekuwepo tangu mwanzo, mijadala mingi ya mitandaoni ingeisha kwa ukurasa mmoja.

Sasa maji ya kutumia. Mabweni yale ya 2017 ni majengo 20 kwa wanafunzi 3,840, sawa na watu 192 kwa jengo. Ukikadiria lita 60 kwa mtu kwa siku, jengo la ukubwa huo linahitaji lita 11,520. Lakini kila aliyesoma chuo anajua kubebana: chumba cha wanne wanalala sita. Watu 288 wanafikisha lita 17,280, na vyoo ni vilevile, mabomba ni yaleyale. Tunasema hivi bila kuwalaumu wanafunzi, kwani mwenzako hana pa kulala utamfukuza aende wapi? Tunasema ili anayepanga matengenezo ahesabu watu waliopo, si walio kwenye orodha ya vyumba.

Shida ya maji ikizidi, suluhisho la haraka huwa ni kuongeza matangi ya plastiki juu ya paa. Hapa kuna hatari kubwa. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, zikikaa kwenye duara la kipenyo cha kama mita 2. Hiyo ni zaidi ya kilo 1,500 kwa kila mita ya mraba, wakati paa la kupandia mafundi tu kwa kawaida husanifiwa kubeba kama kilo 150. Matangi ya nyongeza yakae chini au kwenye mnara wake, na pampu ipandishe.

Chooni adui ni kipande cha mpira. Ile raba ya chini ya tangi la flashi hukakamaa na chumvi ya maji ya kisima, inaacha upenyo, na maji yanateremka usiku kucha bila sauti. Dondosha rangi kidogo ya chakula kwenye tangi, usiflashi, rudi baada ya dakika 20. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba imekwisha. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde nalo hupoteza karibu lita 20 kwa siku. Raba yenyewe ni ya bei ndogo, lakini fundi haipati kwa sababu kila bweni limefungwa aina yake ya flashi, kila mkandarasi na duka lake. Chuo kikiamua aina moja au mbili tu na kuziandika kwenye zabuni, sanduku moja la vipuri litahudumia mabweni yote.

Kwenye maji taka, tundu za chemba zinafurika kwa pedi, vitambaa na mafuta ya jikoni. Mapipa yenye mfuniko ndani ya vyoo vya wasichana, yanayomwagwa kila siku, yanazuia kuziba zaidi kuliko tangazo lolote ukutani. Mtego wa mafuta wa kafeteria uzolewe kila wiki. Na maji ya mvua yasielekezwe kamwe kwenye chemba za choo. Mlimani maji taka husafishwa kwenye mabwawa, na bwawa hufanya kazi kwa kuyapa maji siku za kutosha juani. Mvua ikiingizwa humo, maji machafu yanasukumwa nje kabla siku zake hazijatimia.

Umeme tutaugusa kwa mfano mmoja. Jagi la umeme la kuchemshia maji la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta ampea 8.7. Majagi manne yakiwashwa pamoja ni karibu ampea 35, kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 unaolindwa na breka ya ampea 20. Breka inakata, kama inavyopaswa. Anakuja mtu anaweka breka ya 40, na malalamiko yanaisha. Kuanzia siku hiyo kinachokata si breka tena, ni waya, nao utakatia ndani ya ukuta, gizani, kwa moto. Kama wanafunzi wanapika vyumbani kwa sababu chakula ni ghali, basi kila sakafu ipate chumba cha kupikia chenye waya mnene na breka yake. Kupiga marufuku pekee hakujawahi kuzima hita ya koili.

Kuna jambo la madirisha nalo. Chuo kilichoanza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kilipohamia Mlimani mwaka 1964, wasanifu wake, Norman na Dawbarn wa Uingereza, walikuwa wanajenga kwa hali ya hewa ya joto, wakati kiyoyozi hakikuwa jawabu la kila chumba. Majengo ya kizazi kile yana vibaraza, vivuli na luva, yaani madirisha ya vipande vyembamba vya vioo vinavyofunguka pamoja. Dirisha la luva hufunguka karibu lote. Dirisha la alumini la kuteleza hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Ukibadilisha luva kwa la kuteleza umeondoa nusu ya upepo. Darasa linapata joto, kinanunuliwa kiyoyozi, bomba lake la kutolea maji linaachwa linaning'inia ukutani, ukuta unaota ukijani, unyevu unaingia, na tumerudi kwenye nondo na kutu. Luva ikivunjika, badilisha kioo kimoja na kibanio chake. Wavu wa mbu ufungwe kwa ndani kwenye fremu inayotoka ili usafishwe, maana wavu ulioziba vumbi nao ni ukuta.

Fedha zitatoka wapi? Katika fani ya utunzaji wa majengo, kipimo kinachotumika sana ni kutenga asilimia 2 hadi 4 ya gharama ya kulijenga jengo upya, kila mwaka. Maktaba mpya ya Mlimani iliyozinduliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, ilitajwa kugharimu shilingi bilioni 90. Asilimia 2 yake ni bilioni 1.8 kwa mwaka. Mabweni yale ya 2017, yaliyotajwa kugharimu bilioni 10, yanahitaji milioni 200. Viwango hivi viandikwe kwenye kifungu chake chenyewe cha bajeti, kisichochanganywa na umeme, usafi na ulinzi, kwa sababu vikichanganywa ankara ya umeme ndiyo hulipwa kwanza na paa husubiri.

Kwa majengo yanayokabidhiwa sasa, chuo kisisaini bila kupewa michoro ya jengo kama lilivyojengwa kweli, pamoja na ramani inayoonyesha kila koki ya kufungia maji iko wapi. Bomba likipasuka saa tisa usiku, fundi asiyejua koki ilipo anafunga maji ya kampasi nzima. Kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 12, lazima kipitiwe na masika kamili, na ukaguzi ufanyike mwezi wa 11 wa kipindi hicho, siku ya mvua, mkandarasi akiwepo, kabla fedha yake iliyozuiwa haijaachiwa. Mapaa yakaguliwe kwa kupanda. Njia za viti vya magurudumu zipimwe kwa futi kamba, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kupanda, na si kwa kuangalia tu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010 na mlima wa Mlimani haujashuka.

Na kila jengo, jipya na la zamani, liwe na mtu mmoja anayetajwa kwa jina kwenye kibao mlangoni, mwenye daftari, tochi na ufunguo wa paa. Masika huanza Machi. Kazi ya kufagia mapaa ianze wiki ya kwanza ya Februari, ikianzia majengo yaliyo chini ya miti.

Wahandisi na mafundi wa matengenezo ya majengo,
Dar es Salaam